Upande wa Kulia, Nyuma

Nimeweka funguo chini, nimestaafu ufundi. Ninyi vijana wa gereji mliniomba niwaandikie jinsi ya kumchagulia mteja mwenye mfuko mwepesi amortisere za jipu kuukuu. Nimekubali, kwa kuwa ndiyo kazi niliyoifanya maisha yangu yote, na Mungu amenijalia mikono mizima hadi mwisho. Lakini nitaandika pia habari ya jipu la Kasongo. Naisikia ikisimuliwa sokoni hapa Kenya, mtaa wetu wa Lubumbashi, na kila wiki inaongezewa kitu. Juzi mama mmoja muuza chumvi aliniambia kwamba gari lile lilikuwa linalia. Gari halikulia. Nilikuwepo, na nitawaandikia lilichofanya.

Kwa asiyeijua kazi yetu, amortisere ni bomba la chuma lenye mafuta ndani, na fimbo inayoingia na kutoka. Kila gurudumu lina ya kwake. Gari likianguka shimoni, resori, yaani springi inayobeba gari, hujikunja na kutaka kuruka. Amortisere huizuia isiruke ovyo. Kazi yake ni hiyo tu. Haibebi gari. Nitalirudia neno hili, kwa sababu habari yote inategemea hapo.

Aliyenifundisha ni fundi Ramazani. Alizaliwa hapahapa Lubumbashi, ila babu yake alitoka Maniema na mizigo ya nguo. Alikuwa Mwislamu wa kweli, hakuruhusu matusi gerejini hata pale bolti ilipong'ang'ania kutu, na hiyo ni imani kubwa kuliko nyingi nilizoziona. Mimi nilitoka mikononi mwa mapadri, nimejaa katekisimu. Kabla ya kuinua gari, yeye alisema Bismillah na mimi nikafanya ishara ya msalaba. Hakuna gari lililowahi kutuangukia, kwa hiyo hatukuona sababu ya kubishana.

Siku yangu ya kwanza alinipa amortisere mpya iliyofungwa kwa mkanda, fimbo ikiwa imesukumwa ndani yote. Akaniambia niilaze mezani nikate mkanda. Nilikata. Fimbo ikaanza kutoka yenyewe, polepole, bila sauti, kama mtu anayeamka na hataki kuwaamsha wenzake. Niliangusha kisu nikajikinga kwa msalaba. Fundi Ramazani alicheka mpaka akaikalia tairi.

"Iko na gesi ndani, we mutoto ya bapadri," alisema. "Haina roho."

"Sasa juu ya nini inatoka yenyewe?"

"Juu hakuna kitu kinaikandamiza tena. Ata weye, siku bakikuachilia, utanyooka."

Nilicheka pamoja naye. Maneno yale hata hivyo yalibaki kichwani, na yalinirudia baadaye, mahali ambapo sikuyatarajia.

Kifaa chake kikubwa kilikuwa kijiti cha mbao ngumu chenye alama za kisu. Alikisimamisha katikati ya gurudumu na kupima hadi ukingo wa bodi juu yake, kisha akaenda upande wa pili. Wateja walikuja na maneno makubwa. Mmoja amerogewa gari na shemeji, mwingine anafuatwa na kitu tangu alipopita daraja fulani. Yeye hakumcheka mtu. Alisema tu, "Mbele ya kusema ni shetani, tupime." Mara nyingi shetani alikuwa resori iliyovunjika.

Alinifundisha pia kusikiliza. Gari likiisha kutengenezwa, mwenye gari aliendesha, na yeye alikaa nyuma, amefumba macho. Mbele, alisema, unasikia injini na maneno ya dereva, na vyote viwili vinaweza kukudanganya. Nyuma unasikia barabara.

Sasa kuhusu kuchagua. Msianze na bei. Mwulizeni mteja anapita njia gani na anabeba nini. Wa mjini, anayekwenda kanisani na sokoni, mpya za bei nafuu zinamtosha kabisa. Wa njia ya Kinsevere, ambako malori ya mgodi yameacha barabara na mawimbi kama bati, anahitaji za gesi, kwa sababu mtikisiko mfupi usiokoma huchemsha mafuta yakawa povu, na povu halizuii kitu. Wa Lukafu, wa mashimo na magunia, mpeni za mafuta zenye bomba nene. Za gesi zitamtupa juu kila gari likiwa tupu, na gari linalotoka shambani huwa halijai kila siku.

Boksi zuri linaonyesha kwamba mchapa maboksi anaijua kazi yake. Fungueni. Pitisheni ukucha juu ya fimbo. Ukinasa popote, rudisheni. Shikeni mbili za aina moja, moja kila mkono. Ikiwa moja ni nyepesi, kuna mtu aliyebania mafuta. Zile zilizotumika zinazokuja ndani ya kontena zimepakwa rangi nyeusi, na rangi ile haikupakwa kwa ajili ya urembo. Zifuteni kwa petroli, zisimamisheni, ngojeni muone panapotoka jasho. Zisukumeni ndani: zikienda bure mwanzoni kabla ya kushika, zimekwisha. Badilisheni mbili pamoja, kushoto na kulia, hata kama moja bado inaonekana nzima. Raba za kwenye masikio, yale matundu ya bolti kwenye ncha zake, zinunuliwe mpya, na msizikaze gari likiwa linaning'inia juu ya kriki, yaani jeki. Shusheni magurudumu chini kwanza, la sivyo raba zitakuwa zimejipinda tangu siku ya kwanza na zitapasuka. Msishike fimbo kwa koleo. Na kabla ya kufunga, isimamisheni wima, muisukume na kuivuta mpaka iwe na nguvu ileile kwenda na kurudi. Fundi Ramazani aliita kazi hiyo kuipa pumzi.

Alipofariki, walimzika siku ileile kama ilivyo desturi yao. Mkewe aliniletea kijiti kikiwa kimefungwa katika kitambaa safi. Nimekitumia hadi mwaka huu.

Mwaka wangu wa mwisho gerejini, wakati wa kiangazi, Kasongo alikuja na jipu la baba yake. Baadhi yenu mlikuwepo. Baba yake nilimjua vizuri: mtu mnene, mpole, aliyefanya kazi ya reli, na alipostaafu akanunua jipu hilo lenye usukani wa kulia akaenda kulima Lukafu. Kila nilipomwona garini alikuwa amekaa kiti cha nyuma, kulia, nyuma kabisa ya mgongo wa mwanawe. Alisema mbele kunampa kizunguzungu. Alifariki hukohuko Lukafu mwanzoni mwa kiangazi hicho, na alikuwa ameomba alazwe Lubumbashi kando ya mkewe.

"Jambo, Papa Ilunga," Kasongo alisema. Alikuwa amekonda.

"Jambo, Kasongo. Kilio kiliisha salama?"

"Kilio kiliisha. Motokari njo haiishe. Angaria nyuma, kuume."

Niliangalia. Gari lilikuwa tupu, na kona ya nyuma kulia ilikuwa imelala, chini ya kushoto kwa vidole vitatu hivi.

"Nilisha badirisha amortisere mara tatu," alisema. "Bale ba bei chini, bale ba okazyo ba mu kontena, na sasa bale ba gesi, ba bei ya kuua muntu. Iko inalala tu."

"Nani alikuambia amortisere inabebaka motokari?"

"Kila muntu."

"Kila muntu haiko fundi. Inayobeba ni resori."

Hakucheka. Alishusha sauti. "Papa, bantu banakataa kupanda. Mama mumoja wa makala ya kupikia alipanda pale kuume, akashuka mbele hatujatoka mu muji. Anasema alisikia sawa vile anaikala pa magoti ya muntu. Alikiomba kiti samahani, papa. Kiti! Nikikosa kuitengeneza, nauzisha kwa batu ba vyuma vikuukuu. Yaya Feza, dada yangu, anataka niuze leo. Na ni motokari ya baba. Njo inalishaka batoto yangu."

Nilimwambia tupime.

Nilisimamisha kijiti. Vidole vitatu, kweli. Nililigeuza gari kichwa kuwa mkia, kwa sababu sakafu nayo hudanganya. Kulia kukabaki kumelala. Nilijaza tairi sawa. Nilitoa resori zote mbili za nyuma nikazisimamisha mezani pamoja: urefu mmoja, unene mmoja. Nikazibadilishana, ya kulia nikaiweka kushoto. Kulia kukalala vilevile. Nilivuta kamba kukata fremu kona hadi kona, na fremu ilikuwa imenyooka kuliko mimi. Jua lilikuwa bado kali, redio ya jirani ilikuwa inaimba, na watu walikuwa wanapita na ndizi kichwani. Nataja haya ili mtu asiseme giza lilinichezea.

Nikatoa amortisere zote mbili za nyuma. Hili mlijue: ukitoa amortisere na kusukuma kona ya gari tupu, gari hutikisika harakaharaka, kama mtoto anayeruka kitandani. Kona iliyobeba mzigo hutikisika taratibu, kwa uzito. Ni resori ileile; kinachobadilisha mwendo ni kilicho juu yake. Hapo hakuna siri.

Nilisukuma kushoto. Harakaharaka.

Nilisukuma kulia. Kona ilishuka, ikapanda taratibu, ikashuka tena taratibu, ikatulia. Vile hasa ndivyo jipu linavyofanya mtu mnene akiwa amekaa ndani na ukalisukuma bila kumwomba ruhusa. Nilirudia. Nilirudia tena mpaka ninyi mkaacha kupiga nyundo.

Nilifungua mlango. Kiti kilikuwa kitupu. Kitambaa kilikuwa kimebonyea katikati, lakini viti vyote vya zamani vimebonyea. Niliweka kiganja juu yake, nikakiondoa, na sikujua ni kwa nini nilikiondoa haraka. Nilikuwa nimefika mwisho wa kijiti cha fundi Ramazani.

"Mzigo wa mwisho ulikuwa nini," nilimwuliza Kasongo, "mbele motokari haijaanza kulala?"

"Baba," alisema.

Wakati huo dada yake mkubwa, Feza, aliingia gerejini kwa hatua za mtu aliyekuja kumaliza neno. "Kasongo! Batu ba vyuma beko banangojea. Papa Ilunga, jambo, papa. Mwambie huyu. Anatupa franga yote mu kintu kimekufa."

"Ikala kidogo, mama," nilimwambia. "Anatusimulia safari."

Wageni huenda hawaijui desturi hii. Kwetu, marehemu akisafirishwa, mtu mmoja wa damu yake hukaa karibu naye na kumwambia njia. Kwenye mto humwambia tunavuka mto, kwenye njia panda humwambia tunapita kushoto. Mtu huyo ni mmoja, na marehemu huifuata sauti ile. Nimefundisha katekisimu Jumamosi nyingi parokiani, na mapadri wamenifundisha kwamba roho ya mwenye haki iko mikononi mwa Mungu. Mikono ya Mungu haihitaji resori. Hata hivyo sijawahi kuona ubaya wa mtoto kuzungumza na mzazi wake njiani.

"Nani alikuwa anasema naye?" niliuliza.

"Mimi," alisema Kasongo. "Sanduku lilianzia nyuma ya mugongo yangu, kichwa karibu na mimi. Nilisema kila muto. Kisha, mu mashimo, sikio ya amortisere ikakatika, ile ya kuume. Chuma kikaanza kupiga tairi. Hatungeweza kuendelea. Kamyo ya mahindi ikapita, bakatusaidia. Tukahamisha baba."

"Haraka?"

"Haraka sana. Chofere wa kamyo alikuwa anapiga honi. Yaya Feza na bale bengine bakapanda na baba. Mi nikabaki na motokari, juu ukiiacha pale, kesho utakuta milango tu."

Nilimgeukia Feza. "Na ndani ya kamyo, mama, nani aliendelea kusema naye?"

Feza alitazama nje, barabarani. "Kulikuwa kelele," alisema. "Na mi nilikuwa nalia. Hakuna, papa. Hakuna muntu alisema. Hatukumwambia ata kama tunamuhamisha."

"Na weye, Kasongo? Ulirudia namna gani?"

"Pekee yangu, kesho yake. Nilifunga chuma na mupira ya tairi, nikakuya polepole. Nilifika, balisha kumuzika."

"Ulirudia kimya?"

Kasongo alizitazama mikono yake, yenye grisi kama yangu. "Pa muto wa kwanza, kinywa kilisema chenyewe. 'Baba, tunavuka muto.' Kilisha zoea. Nikasema pa muto wa pili. Nikasema pa bariere ya barabara, na kwa kuingia mu muji. Nilisikia muzuri, papa. Sawa vile siko pekee."

"Na pa kufika mu lupango, mu kiwanja ya nyumba, ulimwambia nini?"

"Pa kufika?" Alilitazama jipu. "Nilizima motere. Nikaingia mu nyumba, nikalala."

Feza alishika kichwa. "Weye! Ulimwita njia yote, na haukumwambia ashuke?"

Jipu lilikuwa pale mlangoni, limelala kulia, na sote tuliliangalia kwa adabu, kama unavyomwangalia mzee anayesubiri watoto wamalize kugombana.

Nilirudisha amortisere zile za gesi kwa muda, nikamwambia Kasongo asinunue kitu na asiuze kitu. Na Feza, aliyekuja kutaka gari liuzwe, ndiye aliyekwenda kuwafukuza watu wa vyuma.

Asubuhi yake, baada ya misa, tuliondoka nyumbani kwake. Feza alikaa mbele, pembeni ya mdogo wake. Mimi nilikaa nyuma, kushoto, rozari mkononi, macho nimefumba, kama nilivyofundishwa. Kati ya bega langu na mlango wa kulia kulikuwa na nafasi ya mtu. Niliiachia. Sikuwa na haja ya kuminyana.

"Baba, tunatoka mu lupango," Kasongo alisema. "Baba, tunaingia barabara kubwa. Baba, tunapita kuume."

Feza alimwambia aseme kwa nguvu, baba alikuwa na sikio zito. Akasema kwa nguvu. Pikipiki zilipunguza mwendo kandokando yetu.

Nilisikiliza. Nyuma ya gari kuna sauti mbili, ya kushoto na ya kulia. Ya kushoto ilikuwa ya kawaida, mimi si mnene. Ya kulia ilikuwa nzito, imetulia, haigongi hata kwenye matuta. Zile amortisere za gesi, ambazo ni ngumu mno kwa kiti kitupu, zilikuwa zinafanya kazi vizuri sana upande ule.

Kwenye mzunguko polisi wa barabarani alitusimamisha, nikafumbua macho. Aliinama dirishani, akamtazama Kasongo, akamtazama Feza, akatupa macho nyuma.

"Bantu bane," alisema. "Ni sawa. Mupite."

Tulikuwa watatu. Hakuna aliyemsahihisha. Polisi huhesabu wakiwa na haraka, na jua lilikuwa linapiga kioo. Naandika yote mawili. Nilitupa jicho kulia kwangu, nikayafumba macho tena, na rozari yangu ilianza kwenda mbio kuliko inavyofaa mbele ya Bikira Maria.

Makaburini tuliingia hadi njia ya gari inapoishia. Kasongo alizima injini akabaki ameshika usukani.

"Sema," Feza alinong'ona.

"Nitasema nini?"

"Ile haukusema."

Alishuka. Alizunguka, akafungua mlango wa nyuma wa kulia, upana wote, akaushikilia. Alisimama pembeni, kama unavyomfungulia mtu mzima.

"Baba," alisema, "tumefika. Hapa ni malalo. Mama eko pale, karibu na ukuta. Ile siku tulikuhamisha bila kukuambia, na mi sikuwepo ya kukuzika. Nilibaki na motokari. Unisamehe, baba." Alipangusa uso kwa mkono wa shati. "Unaweza kushuka."

Hapakuwa na kitu. Ndege mmoja alikuwa analia kwenye nyasi kavu. Nilidhani basi, ndivyo ilivyo. Tumemfanyia mtoto wa watu jambo la heshima, na turudi tukatafute ufa kwenye fremu.

Kisha upande wa kulia ukainuka. Niliusikia mgongoni kabla ya kuujua kichwani. Haukuruka, haukutoa sauti. Ulipanda polepole, bila haraka yoyote, na mwili wangu ukahamia kidogo kuelekea mlango wangu wa kushoto, kama kitandani mwenzako anapoondoka. Niliiona meza ya fundi Ramazani, mkanda uliokatwa, na fimbo inayotoka yenyewe. Juu hakuna kitu kinaikandamiza tena.

Kasongo aliendelea kushikilia mlango kwa muda, hadi alipoona mzee amepita. Kisha akaufunga kwa upole, akamfuata dada yake makaburini.

Nilishuka kwa upande wangu. Nilitoa kijiti nikakisimamisha kulia, nikaenda nikakisimamisha kushoto.

"Papa Ilunga," Feza aliita kutoka kwenye ukuta, "ata sasa unapima?"

"Sasa njo napima, mama."

Pande zote mbili zilikuwa sawa. Nilikifunga kijiti katika kitambaa chake, nikaenda kusimama nao kaburini, na tukasali Bwana ampe raha ya milele. Nimeisali sala ile mara nyingi maishani, mara nyingi mawazo yangu yakiwa kwenye injini ya mtu. Siku ile hayakuwa huko.

Wakati wa kurudi, jipu liliruka na kugonga nyuma kulia kama gari lolote tupu lenye amortisere ngumu. Yalikuwa malalamiko mazuri kuyasikia. Kasongo aliendesha huku anatokwa machozi na hakuyapangusa. Kwenye mzunguko alikuwepo polisi yuleyule. Aliinama, akatazama nyuma.

"Mumoja mulimuacha wapi?" aliuliza.

"Kwake," Kasongo alijibu.

Polisi alitupungia tupite.

Sasa mje kwenye kazi. Alasiri nilitoa zile za gesi. Kasongo aliniletea seti mbili za mwanzo kutoka nyumbani, na nilizikagua. Zile zilizotumika zilikuwa tupu tangu dukani. Zile mpya za bei ya chini hazikuwa na kosa: raba ndizo zilizopasuka, kwa sababu aliyezifunga alikaza gari likiwa linaning'inia. Niliwaambia. Kwa bomba jembamba, hata hivyo, zisingevumilia njia ya Lukafu, kwa hiyo zilikwenda kwa teksi ya mjini. Zile za gesi alizichukua mtu wa njia ya Kinsevere, mwenye jipu la aina hiyohiyo, naye anazisifu mpaka leo. Kasongo nilimchagulia za mafuta, bomba nene, mpya, za bei ya katikati, na raba mpya. Nilizisimamisha wima nikazipa pumzi, moja moja. Nilizikaza magurudumu yakiwa chini. Nilipima. Sawa.

Bado anakwenda Lukafu. Abiria wamerudi. Yule mama wa makaa hukaa palepale, nyuma kulia, na husema ndicho kiti kizuri kuliko vyote. Ila huomba samahani kwanza kabla ya kuketi.

Mmeniuliza ninasadiki nini. Ninasadiki yale ninayoyasema kila Jumapili nikiwa nimesimama, tangu mwanzo wa Nasadiki hadi amina yake. Ninasadiki pia kijiti. Siku ya kwanza kilisema jambo moja, na kesho yake asubuhi kikasema jingine, na kati ya hayo hakuna mkono wa fundi uliogusa resori. Nimemwuliza Mungu katika sala, na Yeye, kwa uvumilivu wake, hajanijibu. Namshukuru hata hivyo. Nilidhani nimeijua kazi yangu yote, na aliningojea hadi mwaka wa mwisho ndipo akanionyesha kona moja ambayo sikuwa nimeipima.

Kijiti nimekitundika kwenye ukuta wa gereji, juu ya meza. Kitumieni.

Na jambo la mwisho. Kwetu ni mbali, kaskazini, na watoto wangu wameahidi kunirudisha huko siku yangu ikifika. Huenda mmoja wenu ndiye atakayeendesha. Aangalie amortisere kabla ya kuondoka, nyuma hasa. Gari likiharibika njiani na mkanihamisha, niambieni kwamba mnanihamisha, na yule anayesema nami apande pamoja nami. Atakayebaki kulinda gari arudi amefunga mdomo, hata pale mtoni, hata akijisikia mpweke. Na mkifika, zimeni injini, mnifungulie mlango, mniambie nishuke.